Spana Iliyosogezwa Kabla Polisi Hawajafika

Barua hii ilinifikia mwezi wa tatu mwaka jana. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: barua ikija Jumatatu, Alhamisi mnaisoma gazetini. Hii niliifungia kwenye droo miezi kumi na moja. Sasa kesi imekwisha, waliotajwa humu wamekubali majina yao yatajwe, na wakili ameisoma kabla yenu. Jibu nililompa aliyeiandika siku ile nimeliacha lilivyokuwa, na ukali wake.

*

Mpendwa Bi Twyla,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, nakuandikia nimesimama kwenye meza ya kukunjia nguo kwa sababu huu ni mwezi mzima siwezi kukaa kitini dakika tano, nikikaa miguu inacheza yenyewe, nikilala naamka, nikiamka nafua, jana nimefua taulo zilezile mara tatu na zilikuwa safi tangu mwanzo, mpaka mume wangu Wendell akaniuliza kama nakusudia kuzifua zirudi kuwa pamba.

Mimi ni Joleen Pruett, mwenye duka la mashine za kufulia pale karibu na mnara wa maji, hapa Harlan Fork, na najua umeshasikia, maana mji huu paka akizaa watu wanajua idadi ya watoto kabla paka mwenyewe hajawahesabu, lakini uliyoyasikia si yote. Shawna Oakley alikuwa anakuja kufua kwangu kila Jumanne, na Jumanne moja mwezi wa kwanza alikuja jicho limefumba kwa uvimbe, akaomba simu ya dukani, nikampa, akampigia dada yake, akaziacha nguo zake zinazunguka ndani ya mashine akatoka, na sijamwona tena. Trent mumewe alichukua wiki tano kujua ile simu ilipigwa kutoka wapi.

Akaja saa nne na nusu asubuhi. Dukani tulikuwa wawili tu, mimi na Bi Arvella Stamps, ambaye ana miaka sabini na mmoja na ndiye anayekunja nguo za wateja, alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu tangu wakiwa wasichana, na mama alipofariki ni yeye aliyenisimamia harusi, ni yeye aliyekaa na mimi hospitali, sina mama mwingine duniani ila yeye. Trent akasimama mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Nani, Trent?"

"Usinichezee, Joleen. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui, na ningejua nisingekuambia."

Hilo jibu nimelirudia kichwani mara elfu, Bi Twyla, kwa nini sikusema sijui nikaishia hapo. Akatoka. Nikadhani ameondoka, nikapumua, kumbe amekwenda kwenye gari lake, akarudi na spana ya magurudumu, ile ndefu ya chuma, akapasua kioo cha mlango wa mashine ya kwanza, akapasua cha pili, maji na sabuni vikamwagika sakafuni, na Bi Arvella akamwambia, "Trent, mwanangu, weka hicho chuma chini, mimi nimekubadilisha nepi kanisani," naye akamjibu, "Nyamaza, wewe bibi kizee," kisha akaniinulia mimi ile spana juu ya bega na kunijia, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Bastola huwa naibeba kiunoni chini ya aproni, nina miaka sita naibeba, kibali ninacho, mafunzo ya Jumamosi mbili nilihudhuria. Nikampiga. Yeye akaanguka ubavu, spana ikamtoka mkononi ikaruka, ikagonga chini ya mashine ya kukaushia namba tisa, ikateleza ikaingia uvunguni. Niliiona ikiingia. Nikapiga namba ya dharura nikasema, "Nimempiga mtu risasi, njooni dukani kwa Joleen," nikakata simu.

Na hapa ndipo penye tatizo langu. Nilipogeuka nikamwona Bi Arvella amepiga magoti kwenye maji, na goti la kushoto ni la bandia, anaingiza mpini wa ufagio uvunguni mwa namba tisa, akaivuta spana, akainuka kwa kushika meza, akaisukuma kwa mguu mpaka karibu na mkono wa Trent, na Trent amefumba macho anaguna. "Waone alikuwa na nini," akaniambia. "Wasije wakasema umempiga mtu mikono mitupu." Sauti nilikuwa nayo, Bi Twyla. Sikusema neno.

Askari wa kwanza alikuwa kijana nisiyemjua, akaingia kwa mlango wa pembeni akapaza sauti, nami nikamgeukia, na bastola ilikuwa bado mkononi, nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau miwani kichwani. "Weka chini! Weka chini! Weka chini!" Bi Arvella akapiga yowe, "Huyo ndiye mwenye duka, we mtoto, usimuue!" Nikaiachia ikaanguka majini. Wakanifunga pingu, nikalia kwa aibu, na baada ya hapo nikaongea. Mungu wangu, niliongea. Nikaongea dukani, nikaongea garini, nikaongea kituoni, dakika arobaini bila kuulizwa, nikasema nilipiga mara mbili, nikasema alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nikasema nilijua iko siku atakuja na nilikuwa namngoja, nikasema hakuna aliyegusa kitu.

Trent hakufa, namshukuru Mungu, risasi moja nyonga na moja bega. Ila kutoka kitandani hospitali anasema spana aliiacha nje garini baada ya kuvunja vioo, kwamba aliingia mara ya mwisho mikono mitupu kuniomba tuzungumze, na kwamba sisi wanawake wawili ndio tuliomwekea. Mpelelezi Dunlavy amekuja mara mbili dukani, mtu wa upole, kahawa anakunywa bila sukari, anasema, "Hakuna ubaya, Joleen, nanyoosha mambo mawili matatu tu." Maganda ya risasi yameokotwa matatu. Umbali wamepima, ni hatua sita. Kisha juzi akaniambia, taratibu kama anayeuliza bei, "Ile spana imejaa nyuzi za nguo, Joleen, imevaa kama sweta. Sakafu ilikuwa na maji. Hizo nyuzi zimetoka wapi?"

Nikasema sijui.

Anataka niende kituoni Alhamisi saa tatu. Wendell anasema, "Nenda kaeleze, wakili wa nini? Ukienda na wakili mji mzima utasema una cha kuficha." Bi Arvella alikuja nyumbani jana akakaa jikoni na koti lake hakulivua. "Ukisema, nafungwa mimi," akasema. "Usiposema, unafungwa wewe. Basi tuseme sote ilianguka pale pale. Wanawake wawili kwa mwanamume mmoja, nani hatatuamini?" Kisha akalia, na mimi sijawahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya mama hakulia mbele yangu.

Wewe ulipokea simu za dharura za kaunti hii miaka ishirini na sita, unawajua hawa watu na unatujua sisi. Niende nikaseme yote? Niende nishikilie niliyoyasema? Au nisiende kabisa? Mashine imeacha kuzunguka, ngoja niishie hapa kabla sijazifua tena.

Ni mimi,
Joleen

*

Joleen,

Kaa chini. Najua huwezi. Kaa hivyo hivyo.

Pole, mama. Ulimpa mwanamke simu, ukainuliwa chuma kwa ajili hiyo. Aliyekuja na chuma ndiye mwenye makosa ya asubuhi ile, na nitakayokuambia sasa yasikusahaulishe hilo hata kidogo.

Sasa nikugombeze. Umemwandikia mwandishi wa gazeti kurasa nne, umetia saini, ukaeleza kwamba ushahidi umesogezwa na kwamba mpelelezi umemdanganya. Wewe mtu una akili kweli? Mimi si wakili wako wala si mchungaji wako. Nilichokisoma hakina kinga yoyote ya kisheria, na Dunlavy akija na amri ya mahakama nitamkabidhi. Kuichoma nako siwezi, maana nikiichoma nimekuwa Arvella wa pili. Kwa hiyo usimwandikie mtu mwingine, usitume neno kwa simu, usisimulie kanisani baada ya ibada, hata kwa wale wanaokuletea bakuli la tambi za kuoka na kukuuliza huku wamekushika mkono. Sema asante kwa tambi. Funga mdomo.

Ulisema mbili, zilikuwa tatu. Ulisema hatua mbili, zilikuwa sita. Hayo usijihukumu nayo, ni moyo uliokuwa unakimbia. Mwanamume mmoja alinipigia nyumba yake inaungua, akanitajia anwani ya nyumba aliyozaliwa, jimbo jingine kabisa, na akanitukana nilipomuuliza tena. Mtu aliyetoka kuponea chupuchupu hajui alihesabu nini. Lakini kwenye karatasi ya polisi, kosa la hofu na uongo huandikwa kwa wino mmoja, na miezi sita baadaye mtu aliyekuwa amekaa ofisini akinywa chai atavisoma kimoja kama kingine. Ndiyo maana siku ile ulitakiwa kusema machache. Simu: "Nimeshambuliwa, nimejitetea, mtu ameumia, leteni gari la wagonjwa, mimi ni mwanamke mwenye aproni ya bluu," na ubaki kwenye laini, maana yule binti anayepokea ndiye anayewaambia askari wanaingia kwa nani. Bastola chini, mbali na mkono, kabla mlango haujafunguliwa. Wakikuambia lala, lala. Wakileta pingu, toa mikono, si tusi, ndivyo wanavyofanya mpaka wajue nani ni nani. Kisha: "Huyu alinijia na ile spana, imeingia chini ya mashine namba tisa. Yule bibi aliona. Nitawapa ushirikiano wote nikishaongea na wakili wangu." Basi. Na kunyamaza. Nimekaa na askari waliotoka kwenye milango kama huo wako wakitetemeka hata kikombe kikawashinda. Yule kijana alibakiza pumzi moja afyatue, Joleen. Usimchukie kwa kelele zake.

Hayo yamepita. Lakini lile "sijui" ulilomjibu Dunlavy juzi si la hofu. Ulikuwa dukani kwako, mchana, kahawa mkononi. Hilo ni uongo, na ndilo linalokufulisha taulo.

Na inavyouma ni kwamba ukweli wako ulikuwa mzuri! Spana uvunguni mwa namba tisa, imejikunja ndani ya nyuzi, mahali ambapo haiwezi kufika mpaka iwe imeruka kutoka mkono uliokuwa umeinuliwa. Trent angesema nini hapo? Arvella ameutoa ushahidi bora uliokuwa nao akauweka mahali ambapo hata mwongo angeuweka. Amefanya kwa mapenzi. Mapenzi hayaandikwi kwenye karatasi ya vipimo.

Fanya hivi, na ufanye leo, si kesho.

Tafuta wakili wa kesi za jinai. Yule aliyekuandikia hati za duka mwache aendelee na hati. Mweleze yote, ganda la tatu, mpini wa ufagio, "nilikuwa namngoja," na barua uliyoniandikia. Yeye ndiye pekee unayeweza kumwaga moyo mbele yake bila moyo huo kusomwa mahakamani. Miadi ya Alhamisi ataivunja yeye, kwa simu yake, si wewe. Ukweli utausema, Joleen, wote, usidhani nakufundisha kuuficha. Utausema ukiwa umekaa karibu na mtu anayejua kuusema kwa mpangilio, na utausema mara moja.

Usisogeze namba tisa. Usifagie chini yake. Najua mikono yako inavyowasha. Ifunge shuka juu, andika "mbovu," acha. Mwambie wakili aje na mtu wa kupiga picha.

Arvella naye apate wakili wake, mwingine, si wako. Mweleze hivyo tu, kisha hilo jambo msilizungumze tena, wala jikoni wala kitandani mwake akiumwa. Mkikaa mkapanga maneno, mtakuwa mmefanya kosa jipya, na hilo mtakuwa mmelifanya na akili zenu timamu. Alichofanya kwa hofu ndani ya dakika mbili, mwendesha mashtaka anaweza kukielewa. Njama ya mwezi mzima hataielewa. Ukimfichia hutamwokoa, utamfanya awe na mengi zaidi ya kujibu.

Wendell mwambie hivi kutoka kwangu: jino lilipomuuma majira ya baridi alikwenda kwa daktari, hakujing'oa mwenyewe na koleo ili majirani wajue hana cha kuficha.

Na nenda kwa daktari wewe pia. Mwezi mzima bila usingizi si ushujaa.

Barua hii nimekuletea mwenyewe. Usiniombe niingie, sitaki kusikia zaidi.

Twyla

*

Alinisikiliza, ingawa siku ya kwanza alinikasirikia akaniondoa kwenye orodha yake ya kadi za sikukuu. Wakili alimpata kaunti ya jirani, mwanamke mmoja aitwaye Renfro, mfupi wa maneno. Wiki mbili baadaye Joleen alikwenda naye kituoni akasema yote kwa dakika kumi na nane. Dunlavy hakufurahi. Alifunga daftari akasema, "Nilikunywa kahawa yako mara mbili, Joleen," akatoka nje kwa muda. Lakini alituma watu, wakaisogeza namba tisa na kupiga picha. Bati la chini lilikuwa na mbonyeo, ndani ya mbonyeo kuna rangi ya spana, na kwenye vumbi la nyuzi za miaka kuna njia iliyonyooka kutoka mbonyeo ule kwenda ndani, na nyingine, ya mpini, ikitoka. Trent alipoonyeshwa picha hizo aliomba kuongea na wakili wake. Alikiri shambulio, amepewa miaka saba.

Mwendesha mashtaka alikaa miezi mitano kabla ya kutamka kwamba hatamshtaki Joleen, na miezi mitano si mchezo kwa mtu asiyelala.

Arvella alikiri kosa dogo la kuingilia ushahidi. Mwaka mmoja chini ya uangalizi, na saa themanini za kazi ya bure. Alizifanya maktaba ya kaunti, akisukuma kigari cha vitabu kwa lile goti. Dunlavy alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nilidhani ukweli uko mbali mno, nikausogeza." Ile miezi mitano yeye na Joleen walikunja nguo pande mbili za meza moja wakizungumza hali ya hewa tu, kwa amri ya mawakili. Sasa wanaruhusiwa kuzungumza lolote, lakini Joleen ameniambia bado hawajarudi walivyokuwa. Arvella anaona aliachwa. Joleen anaona alikaribia kuzama kwa kuokolewa. Nadhani wote wawili wana haki, na nadhani itachukua muda.

Ninyi wengine mnaobeba bastola kwenye mikoba, kwenye buti na chini ya viti vya magari, na najua ni wengi, maana nimewasikia kwenye simu: wiki hii, kabla hamjanunua risasi nyingine, tafuteni jina la wakili mliweke mahali panapoonekana. Jizoezeni yale maneno machache kwa sauti, mpaka mdomo uyaseme wenyewe siku kichwa kitakapokuwa hakipo. Kisha mwiteni yule anayekupendeni kuliko wote, mkalisheni chini, mwambieni siku hiyo ikifika asiguse kitu. Mtu baki atasimama kando na simu yake. Anayekupenda ndiye atakayepiga magoti.